Kutafuta chanzo cha kisukari cha watoto: ufuatilie tangu kuzaliwa, ulinganishe nchi, ufanye jaribio, au usome rejista?

Mwaka 1980, katika kila watoto 100,000 wa Finland walio chini ya miaka 15, wapatao 31 waligunduliwa kuwa na kisukari aina ya kwanza. Mwaka 2005 walikuwa 64. Jeni za taifa hazigeuki kiasi hicho ndani ya miaka 25, kwa hiyo kuna kitu katika maisha ya wale watoto kilichobadilika: maziwa wanayopewa, vijidudu wanavyokutana navyo, jua, chakula, dawa, kasi ya kuongezeka uzito. Ni kipi hasa? Watafiti wamekisaka kwa njia ambazo hazifanani, na majibu waliyoyapata hayana uzito sawa.

Nazilinganisha njia hizo kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua: mwanafunzi wa afya ya jamii mwenye pendekezo la utafiti lisilokamilika, daktari wa watoto anayetaka kutumia vizuri kliniki yake ya kisukari, au mwandishi wa habari aliyeletewa taarifa kwamba kitu fulani "husababisha kisukari kwa watoto" na anataka kujua aipe uzito gani.

Kwanza jambo moja la kitabibu, kwa sababu ndilo linaloamua karibu kila kitu kingine. Katika kisukari hiki kinga ya mwili hugeuka na kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kabla sukari haijapanda, damu huwa tayari na moja au zaidi ya kingamwili za aina nne zinazojulikana: dhidi ya insulini yenyewe, na dhidi ya GAD, IA-2 na ZnT8, protini tatu za seli hizo. Mwaka 2013 takwimu za watoto 13,377 wa Finland, Ujerumani na jimbo la Colorado, Marekani, ziliunganishwa. Katika watoto waliokutwa na aina mbili au zaidi za kingamwili hizo, karibu asilimia 70 walikuwa na kisukari ndani ya miaka kumi. Mara nyingi kingamwili ya kwanza huonekana kati ya miezi tisa na miaka miwili. Mtoto wa miaka minane anayeletwa leo amekonda, anakojoa ovyo na kupumua kwa kasi, huenda ugonjwa wake ulianza kabla hajajua kutembea.

Ukilishika hilo, utaona kwa nini swali la "alikula nini kabla ya kuugua" linapiga pembeni.

Kuuliza nyuma

Njia ya haraka kuliko zote ni kuwakusanya watoto wagonjwa, kutafuta wenzao wasio wagonjwa wa umri na mtaa uleule, kisha kuwauliza wazazi wa pande zote mbili maswali yaleyale. Ni utafiti wa wagonjwa na walinganishwa. Unaisha ndani ya mwaka, hauhitaji fedha nyingi, na kwa ugonjwa adimu ndio unaokupa wagonjwa wa kutosha.

Tatizo ni kumbukumbu. Mama wa mtoto mgonjwa ameshajiuliza maswali hayo usiku na mchana. Anakumbuka kila homa na kila kopo la maziwa ya unga. Mama wa mtoto mzima anajibu upesi ili arudi kwenye shughuli zake. Tofauti utakayoipata inaweza kuwa tofauti ya akina mama kukumbuka, wala si ya watoto kuishi. Ukiongeza kwamba muda muhimu ulishapita miaka mingi nyuma, unaona jinsi dodoso zuri linavyoweza kutoa jibu baya.

Hata hivyo sikubaliani na wanaoitupa kabisa. Kundi la EURODIAB, la watafiti wa kisukari wa Ulaya, lilitoa mwaka 1999 matokeo ya vituo saba vya Ulaya, wagonjwa 820 na walinganishwa 2,335, kwamba watoto waliopewa vitamini D uchangani walikuwa na hatari pungufu kwa takriban theluthi moja. Miaka miwili baadaye Finland ikaleta takwimu za namna nyingine. Watoto zaidi ya 10,000 waliotarajiwa kuzaliwa mwaka 1966 katika mikoa ya Oulu na Lapland walikuwa wameandikwa matumizi yao ya vitamini D wakiwa na mwaka mmoja, kabla mtu yeyote hajajua nani ataugua, kisha wakafuatiliwa hadi mwisho wa 1997. Waliopewa kwa utaratibu waliugua mara chache zaidi kuliko wasiopewa. Njia mbili tofauti zilielekea upande mmoja, na hiyo ni dalili ya kuheshimu. Lakini katika zote mbili hakuna aliyepewa vitamini kwa kura. Mzazi anayefuata maelekezo ya kliniki kila siku anatofautiana na wengine kwa mambo mengi ambayo hayamo kwenye dodoso.

Kufuatilia mbele tangu kuzaliwa

Hapa ndipo penye TEDDY, na sitaficha kwamba ndio utafiti ninaoupenda kuliko yote katika eneo hili, pamoja na mapungufu yake.

Kuanzia 2004 hadi 2010 vituo vya Marekani (Colorado, Washington, na Georgia pamoja na Florida), Finland, Sweden na Ujerumani vilipima damu ya watoto wachanga zaidi ya 420,000. Kilichotafutwa ni aina za jeni za HLA, yaani jeni za kinga ya mwili, zinazoongeza hatari. Waliokuwa nazo walikuwa kama 21,000, na familia za watoto zaidi ya 8,600 zikakubali kuingia. Takriban tisa kati ya kumi hawakuwa na mzazi wala ndugu mwenye ugonjwa huu. Damu ilichukuliwa kila miezi mitatu hadi miaka minne, na baadaye kila miezi sita kwa wasio na kingamwili, mpaka umri wa miaka 15. Miaka ya mwanzo wazazi walituma kinyesi cha mtoto kila mwezi. Walikusanya hata kucha za miguu na maji ya bomba.

Unaweza kuuliza: kinyesi cha kila mwezi cha nini? Jibu lilikuja mwaka 2019. Wengi walikuwa wakishuku enterovirusi, yaani virusi vinavyozaliana utumboni, kwa miongo mingi, na tafiti zilikuwa zikipingana. TEDDY ilionyesha kwamba idadi ya maambukizi haikuwa jambo lenyewe. Watoto walioanza kujenga kingamwili walikuwa wale ambao enterovirusi ya kundi B ilikaa muda mrefu, ikionekana ileile katika sampuli zilizofuatana. Mtafiti anayechukua sampuli moja kwa mwaka asingeweza kuliona hilo hata angekuwa na watoto milioni.

Jambo la pili ambalo ufuatiliaji wa karibu ulilifichua ni kwamba ugonjwa huu una njia zaidi ya moja ya kuanza. Kuna watoto wanaoanza na kingamwili dhidi ya insulini, na kilele chao ni mapema, kabla au karibu na miaka miwili. Wengine huanza na ile ya GAD, baadaye, bila kilele kikali namna hiyo. Aina za HLA za makundi haya mawili hazilingani. Kama kila njia ina kichocheo chake, basi tafiti za zamani zilizowachanganya wote pamoja zilikuwa zikiyeyusha ishara katika maji mengi.

Tena TEDDY imetoa majibu ya "hapana" yenye faida. Dawa za antibayotiki za miaka ya mwanzo hazikuonyesha uhusiano na kuanza kwa kingamwili. Upande wa "huenda", watoto waliopewa probayotiki (bakteria hai wa manufaa) kabla ya kutimiza siku 28 walikuwa na hatari ndogo, ila kwa wale wenye mchanganyiko wa hatari zaidi wa HLA tu, DR3/4. Matokeo ya namna hiyo, yanayotokea ndani ya kundi dogo la kundi, ni ya kuandikia jaribio jipya. Si ya kumwandikia mzazi cheti cha dawa.

Mapungufu yake? Iliwaona watoto kwa mara ya kwanza wakiwa na miezi mitatu hivi, kwa hiyo mambo ya ujauzito iliyauliza kwa kukumbuka, na ule udhaifu wa dodoso ukaingia kwa mlango wa nyuma. Australia ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa utafiti wa ENDIA, uliowaandikisha akina mama wakiwa bado wajawazito. Watoto wake ni kama 1,500, wote wakiwa na mzazi au ndugu mwenye ugonjwa. Swali lako likiwa la ujauzito, ENDIA ndiyo ya kusoma kwanza. Pili, TEDDY inatuambia habari za watoto wenye jeni za hatari katika nchi tajiri nne. Tatu, hata kundi kubwa namna hiyo hupungua kwa kasi unapoanza kuligawa: kwa nchi, kwa jeni, kwa kingamwili ya kwanza. Na watangulizi wake, kama BABYDIAB ya Ujerumani ya tangu 1989 na DAISY ya Colorado ya tangu 1993, walikuwa wadogo zaidi.

Kulinganisha pande mbili za mpaka

Karelia ni eneo lililogawanywa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Finland iliachia sehemu yake kwa Umoja wa Kisovieti, na watu wenye asili ya karibu wakajikuta wakiishi maisha mawili tofauti. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba kisukari aina ya kwanza kwa watoto kilikuwa mara sita zaidi upande wa Finland kuliko Karelia ya Urusi, huku jeni za HLA zikikaribiana. Mara sita! 

Mradi wa DIABIMMUNE ukaingia humo, ukiongeza Estonia kama nchi ya katikati, maana baada ya uhuru wa 1991 maisha ya huko yalibadilika upesi kufuata ya jirani zake wa kaskazini. Katika ripoti ya 2016 walichunguza bakteria wa utumbo wa watoto 222, yaani 74 kwa kila nchi. Watoto wa Finland na Estonia walikuwa na bakteria wengi wa jenasi Bacteroides, ambao ganda lao halisisimui kinga ya mwili sana. Kwa watoto wa Karelia ya Urusi bakteria waliotawala mapema walikuwa wa aina nyingine, pamoja na Escherichia coli, ambao ganda lao huiamsha kinga vilivyo. Wazo lao ni kwamba kinga isiyoamshwa mapema haijifunzi kutulia.

Ni hoja nzuri, na huenda ni ya kweli. Lakini angalia udhaifu wa njia yenyewe. Watoto ni 222, ila mpaka ni mmoja. Kati ya upande huu na ule vinatofautiana maji, kipato, maziwa, msongamano wa nyumba, chanjo, minyoo, dawa na hata uwezo wa hospitali kumtambua mgonjwa. Chochote utakachopima kitatofautiana, na ukikipima cha kwanza ndicho utakachokishuku. Njia ya mpaka hukuambia kwamba mazingira yana nguvu na ni kubwa kiasi gani. Kukutajia jina la mkosaji, hapana.

Ndugu yake ni utafiti wa wahamiaji. Mjini Bradford, Uingereza, watoto wa familia zenye asili ya Asia Kusini walikuwa na wagonjwa 3.1 kwa 100,000 kwa mwaka katika kipindi cha 1978 hadi 1981. Kufikia 1988 hadi 1990 walikuwa 11.7. Asili ni ileile, mahali ni pengine, na namba ikapanda. Msomaji aliyeko Leicester, Minneapolis au Toronto aliye karibu na jamii za Wasomali au za watu wa Afrika Mashariki ana swali la utafiti mlangoni pake, ila ajiandae kwa namba ndogo na makadirio yenye shaka kubwa.

Jaribio la kura

Njia tatu zilizotangulia zote hutazama. Jaribio hutenda: nusu ya watoto hupewa kitu, nusu hawapewi, kura ndiyo inayoamua, na wanaopima hawajui nani yuko wapi.

Kisa cha kusoma hapa ni jaribio la TRIGR. Dhana ilikuwa kwamba protini ya maziwa ya ng'ombe inayomfikia mtoto mapema huchochea kinga. Jaribio dogo la Finland, watoto 230, lilionyesha mwaka 2010 kwamba maziwa ya kopo ambayo protini yake imevunjwavunjwa yalipunguza karibu kwa nusu watoto wenye kingamwili. Watu walifurahi, na sababu ilikuwepo. Wakati huo jaribio kubwa, TRIGR yenyewe, lilikuwa tayari linaendelea: watoto 2,159 wa nchi 15, wote wenye ndugu au mzazi mgonjwa na jeni za hatari, walioandikishwa kati ya 2002 na 2007 na kufuatiliwa hadi Februari 2017. Matokeo ya Januari 2018: waliopata kisukari walikuwa asilimia 8.4 katika maziwa maalumu na asilimia 7.6 katika maziwa ya kawaida. Tofauti hakuna.

Miaka 15 kwa swali moja, na jibu likawa hapana. Wapo wanaosema fedha zilipotea. Mimi naona hilo ndilo "hapana" lililolipiwa vizuri kuliko mengi, kwa sababu sasa hakuna mama anayepaswa kuambiwa kwamba kopo fulani lilimletea mwanawe kisukari. (TRIGR haikulinganisha kunyonyesha na kutonyonyesha, kwa hiyo asitokee mtu akaitumia kuwavunja moyo wanaonyonyesha.) Na BABYDIET ya Ujerumani, watoto 150, iliahirisha gluteni ya ngano hadi miezi 12. Nayo haikuzuia kitu.

Mpaka wa njia hii unaonekana wazi. Huwezi kumpigia mtoto kura ya kuambukizwa virusi. Unaweza kupiga kura ya kumkinga, kumpa au kumwondolea chakula, basi. Na jaribio huuliza swali moja kwa kipimo kimoja kwa umri mmoja. Ukikosea dozi au muda, "hapana" yako ni ya dozi hiyo na muda huo tu.

Rejista

Denmark walichukua watoto wote waliozaliwa kati ya 1990 na 2000, jumla 739,694, wakaunganisha namba zao za utambulisho na rejista za chanjo na za hospitali. Wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza walikuwa 681. Hakuna chanjo hata moja ya utotoni iliyoonekana kuhusiana na ugonjwa, hata kwa watoto waliokuwa na kaka au dada mgonjwa. Kwa ajili ya utafiti huo hakuna sindano iliyochomwa wala dodoso lililochapishwa. Nikisikia mtu anadai chanjo huleta kisukari, huu ndio utafiti ninaomtajia, na bado sijasikia jibu lenye uzito.

Australia nayo ilianza kutoa chanjo ya rotavirusi kwa watoto wote mwaka 2007, na wagonjwa wapya wa miaka 0 hadi 4 wakapungua kwa asilimia 14 baadaye. Je, chanjo inakinga? Finland waliwarudia watoto waliowahi kupigiwa kura katika jaribio la chanjo hiyohiyo, na tofauti haikuonekana. Ukiwa na mkondo wa miaka upande mmoja na kura upande mwingine, egemea kura, ingawa wagonjwa katika jaribio walikuwa wachache. Mkondo wa miaka hubeba kila kitu kilichobadilika pamoja na chanjo.

Kwa anayetaka kuziona njia zote kwa pamoja:

| Njia | Muda | Inafaa kwa swali gani | Itakuangusha wapi |
|---|---|---|---|
| Wagonjwa na walinganishwa | Mwaka 1 hadi 2 | Kuibua mashaka ya kwanza | Kumbukumbu, na muda muhimu uliokwishapita |
| Kufuatilia tangu kuzaliwa | Miaka 10 hadi 20 | Nini kilitangulia nini. Virusi, utumbo, chakula | Fedha, familia kuacha, kundi teule la jeni |
| Mpaka au wahamiaji | Miaka michache | Ukubwa wa nguvu ya mazingira | Kila kitu kinatofautiana kwa wakati mmoja |
| Jaribio la kura | Miaka 10 na kuendelea | Je, tukibadilisha hiki, ugonjwa unapungua? | Swali moja tu. Mengine hayaruhusiki kimaadili |
| Rejista | Miezi, kama rejista ipo | Chanjo, msimu, uzito wa kuzaliwa | Hujibu kile tu kilichoandikwa |

Ukiwa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi

Hapa ushauri wangu unabadilika, na sababu ni hesabu.

Uchunguzi wa miaka kumi Dar es Salaam, uliochapishwa 1993, ulikadiria wagonjwa wapya 1.5 kwa kila watu 100,000 walio chini ya miaka 20, kwa mwaka. Chukua kundi la ukubwa wa TEDDY, watoto 8,600, uwafuate miaka 15 bila kuchagua jeni. Hiyo ni kama miaka 129,000 ya watoto. Kwa kiwango hicho ungepata wagonjwa wawili. Tuseme kiwango halisi ni mara tano, maana wapo watoto wanaofariki kwa sukari kali huku wakitibiwa malaria au nimonia. Wangekuwa kumi. Kwa wagonjwa kumi huwezi kusema lolote kuhusu virusi wala maziwa. Na ukitaka kuchuja kwa HLA, kipimo kile kiliundwa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika baadhi ya aina za HLA zina uzito tofauti, nyingine hata zinageuka kuwa za kukinga.

Kuna kizuizi kikubwa zaidi ya hicho. Mwaka 2025 utafiti wa YODA ulitoa taarifa za wagonjwa 894 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, walioanza kisukari wakiwa chini ya miaka 30 na kutibiwa kama wa aina ya kwanza. Asilimia 65 hawakuwa na kingamwili yoyote ya kongosho, na hatari yao ya kijeni ya aina ya kwanza ilikuwa ndogo. Wengi wa waliotibiwa kwa jina hilo, basi, huenda wana ugonjwa mwingine unaotumia insulini ileile. Ukikusanya watoto wa kliniki bila kuwapima kingamwili na kuanza kutafuta kichocheo cha kinga kujishambulia, utakuwa unatafuta sababu ya ugonjwa ambao wengi wao pengine hawana.

Kwa hiyo kwa Afrika Mashariki mimi ningeanza na rejista ya wagonjwa wapya yenye kipimo cha kingamwili, na bila aibu yoyote kwamba ni hatua ndogo. Kliniki zipo, pamoja na zile zilizoimarishwa na mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, nchini Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Kinachokosekana mara nyingi ni damu iliyochukuliwa kwa wakati. Kingamwili dhidi ya insulini hupoteza maana mtoto akishachomwa insulini kwa zaidi ya wiki mbili hivi, kwa sababu sindano yenyewe huzizalisha. Zile za GAD, IA-2 na ZnT8 hazina tatizo hilo, ila nazo huweza kufifia miaka inavyopita. Mrija mmoja wa damu siku ya kwanza, ukagandishwa vizuri, una faida kuliko dodoso la kurasa 20 baada ya miaka mitatu.

Hatua ya pili ningeirudia ile njia niliyoikosoa mwanzo, wagonjwa na walinganishwa, kwa masharti mawili. Waingie wenye kingamwili tu. Na pale inapowezekana mzazi asiulizwe kitu ambacho kadi inaweza kujibu. Kadi ya kliniki ya mtoto, ile anayotembea nayo mama kwenye mfuko wa nailoni, ina uzito wa kuzaliwa, mstari wa ukuaji, chanjo na tarehe zake, matone ya vitamini A. Yote yaliandikwa na muuguzi kabla mtu hajaota kwamba mtoto ataugua. Huko Ulaya na Marekani kuongezeka uzito upesi uchangani kumehusishwa na hatari ya ugonjwa huu, na mstari wa kadi unaweza kulipima jambo hilo hapa bila kumsumbua mama hata kwa swali moja. Kadi nyingi zitakuwa zimepotea. Hesabu ni ngapi zimepotea kwa kila upande, uandike, kwa sababu mama wa mtoto mgonjwa huwa anaitunza zaidi.

Asiye na kliniki wala fedha za maabara ana chaguo la tatu ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Takwimu za TEDDY zimehifadhiwa katika hazina ya NIDDK, taasisi ya Marekani ya utafiti wa kisukari, na mtafiti wa popote anaweza kuziomba kwa kuandika swali lenye mashiko na kibali cha maadili. Data za bakteria za DIABIMMUNE ziko wazi kabisa. Kwa shahada ya uzamili ya miaka miwili, hilo ni chaguo zuri kuliko kuanzisha ufuatiliaji utakaokufa ukishahitimu.

Kuhusu kupima ndugu za wagonjwa, ningesubiri. Kamati za maadili, iwe ni kupitia NIMR Tanzania, UNCST Uganda au kamati ya chuo chako Kenya, zitakuuliza utamwambia nini mzazi ambaye mtoto wake mzima amekutwa na kingamwili mbili. Marekani wanaweza kumtajia teplizumab, dawa iliyoidhinishwa Novemba 2022 kuchelewesha ugonjwa kwa wenye umri wa kuanzia miaka minane. Wewe utakuwa na glukomita (kipima sukari), namba ya simu na ahadi ya kumwona tena. Hivyo vitatu si vidogo, kwani mtoto anayefuatiliwa hugunduliwa kabla hajafikia sukari ya kumlaza mahututi. Ila viandike kwenye bajeti kabla ya kuchukua tone la kwanza la damu, pamoja na jina la daktari atakayeipokea simu hiyo utafiti ukiisha.